Kamisheni ya Nia Safi

“Kuanzia Jumatatu, saa mbili na nusu za asubuhi, hakuna mtu atakayeruhusiwa kumsaidia mwenzake bure katika mji wa Bunia bila kwanza kueleza, kwa maandishi na katika nakala tatu, ni kwa nini anamsaidia.”

Tangazo hilo lilisomwa redioni kwa Kifaransa, kwa Kilingala na kwa Kiswahili. Aliyeliandika, Bwana Tharcisse, Katibu-Ripota wa Kamisheni ya Jimbo ya Uhakiki wa Nia za Wanaojitolea, alilisikiliza mara zote tatu akiwa sebuleni kwake, amesimama wima, mkono kifuani. Mkewe akamwuliza kama kifua kinamuuma.

“Hapana,” alijibu Tharcisse. “Ni Serikali.”

Kamisheni haikuundwa kwa mchezo. Mwezi mmoja kabla, mgeni mkubwa wa kutoka Kinshasa alipitishwa mjini, akawaona watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa wakipanda kilima kutoka ng’ambo ya mto Nyamukau, wamembeba mgonjwa begani. Walimbeba ndani ya kipoyi, yaani miti miwili mirefu yenye turubai katikati, kwa sababu kule ng’ambo mvua ikinyesha gari halipiti, na pikipiki inapita mara moja tu, kwenda chini.

“Wanalipwa?” aliuliza mgeni.

“Hawalipwi, Ekselansi.”

“Sasa kwa nini wanafanya?”

Wakubwa wa jimbo walitazamana. Kila mmoja alikuwa na faili kwapani, na katika mafaili yote hayo hamkuwa na jibu. Mgeni akacheka, akapanda gari lake, akaenda zake kiwanja cha ndege. Kicheko kile kilichukuliwa kwa uzito uliostahili. Siku nne baadaye ilitoka arete, ile amri ya maandishi yenye mihuri mitatu, na kifungu chake cha kwanza kikaunda Kamisheni.

Rais wa Kamisheni alikuwa Ekselansi Gustave, mtu mwenye tumbo la uzoefu na viatu vya ncha, ambaye aliwahi kuongoza Kamati ya Kuchunguza Kuchelewa kwa Kamati. Chini yake walikuwapo washauri wawili, Didier na Ephraïm. Kazi yao ilikuwa kukubali: Didier alikubali kwa maneno, Ephraïm kwa kichwa. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo yote, ilikuwa ya Tharcisse.

Naye Tharcisse hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba jambo lisilo na karatasi halijatokea. Alipomwoa mkewe alimpa risala ya kumpongeza, yenye nambari ya kumbukumbu.

Jumatatu, saa mbili na nusu, waliitwa watu wa kipoyi. Kikundi chao kiliitwa Mabega ya Ng’ambo, na kilikuwa na watu thelathini na mmoja. Walipanga foleni kwenye baraza ya ofisi, kila mmoja na Fomu NS-4 mkononi. Fomu ilikuwa na swali moja: Nia yako ni nini? Chini yake visanduku vitatu: Upendo, Upendo Mkubwa, Nyingine (jieleze).

Wa kwanza kuingia alikuwa kiongozi wao, Kavira, mama wa makamo anayeuza makayabo, samaki wa chumvi, sokoni, mwenye mabega ambayo fundi wa suti angeyapima mara mbili.

“Umeweka alama kwenye ‘Nyingine’,” alisema Tharcisse kwa masikitiko. “Jieleze, mama.”

“Shefu, kwangu kule iko mama-mukwe. Iko na miaka makumi munane na mudomo ya miaka makumi mbili. Nikitoka na sahani, ananiuliza naenda wapi. Nikitoka na Biblia, ananiuliza naenda wapi. Lakini nikitoka na kipoyi, ananyamaza. Mugonjwa ni mugonjwa.”

“Kwa hiyo unaikimbia nyumba yako.”

“Ninakimbia, ndiyo. Lakini ninakimbia na mugonjwa begani.”

Tharcisse aliandika: Ukwe. Akaomba anayefuata.

Alikuwa kijana Élisée, dereva wa moto, yaani pikipiki, amejipaka mafuta usoni kama anakwenda kupigwa picha.

“Miye ni juu ya Vahwere,” alisema mara moja.

“Vahwere ni nani?”

“Yeye anabebaka mbele, upande wa kushoto. Miye nabebaka nyuma, upande wa kushoto. Mwezi ya tano sasa naangalia shingo yake.”

“Naye anajua?”

“Bado. Kipoyi haiachake mutu ageuke.”

Mama Patience, aliyemfuata, alisema yeye alijiunga kwa sababu ya kizibao. “Nikivaa ile gile, polisi ya barabara ananiambia, ‘Pita, mama shefu.’ Nikiivua, yeye yule ananiambia, ‘Weye, toka mu barabara.’ Sasa weye shefu ungeivua?”

Wa nne alikuwa Mwalimu Xavier, mzee mnene aliyestaafu, ambaye hakubeba bali alitangulia mbele ya kipoyi na filimbi, akifungua njia.

“Miaka arobaini nimefundisha sarufi,” alisema, “na nikipita njiani hakuna aliyesimama. Leo nina filimbi, na malori yanasimama. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni mazishi yangu. Mtu anayebeba wenzake hawezi kuzikwa na watu kumi na mmoja.”

“Kwa nini kumi na mmoja?”

“Nimewahesabu, bwana.”

Jioni ile Kamisheni ilikaa kutoa alama. Ili mtu apewe Cheti cha Nia Safi alitakiwa apate sitini kwa mia. Kavira alipata kumi na mbili. Élisée alipata tisa. Mama Patience alipata kumi na tano, kwa kuwa kupenda sare ni dalili ya kupenda dola. Mwalimu Xavier alipata kumi na nane, zote za mwandiko. Katika kikundi kizima, waliotia alama kwenye “Upendo” walikuwa wawili tu, na walipohojiwa ilionekana walidhani ni jina la kanisa.

“Ni janga,” alisema Ekselansi Gustave.

“Ni janga kubwa,” alisema Didier. Ephraïm alitikisa kichwa.

“Wagonjwa wetu wamebebwa miaka yote hii na nia chafu,” Ekselansi aliendelea, “na wakapona hivyo hivyo, bila kujua. Ongeza kwenye arete, Tharcisse. Kikundi kinasimamishwa mpaka kitakapohudhuria Semina ya Kusafisha Nia. Tarehe itatangazwa. Atakayebeba, atakayeshika, atakayetoa hata shauri la bure kabla ya hapo, atakamatwa.”

Tharcisse aliandika, lakini kalamu ilisita. “Na sisi, Ekselansi? Mtu akituuliza nia yetu?”

Ekselansi alicheka mpaka kiti kikalia. “Weka kifungu cha tisa: ‘Arete hii haimhusu mtumishi wa Serikali anayelipwa, kwa kuwa nia yake inajulikana.’ Basi. Hapo tumefunga mlango na dirisha.”

Alhamisi mvua ilinyesha kuanzia alfajiri. Saa nne Kavira aliingia ofisini bila kubisha, amelowa, akakiegemeza kipoyi kitupu ukutani kati ya kabati la mafaili na kiti cha wageni. Nyuma yake walisimama Élisée, Vahwere na Mwalimu Xavier. Wote wanne walikuwa wameweka mikono nyuma.

“Shefu,” alimwambia Tharcisse, “ni Joëlle, muke ya fundi cherehani kule ng’ambo. Uchungu imemushika tangu usiku. Mama muzalishaji anasema mutoto anakuya miguu mbele. Lazima afike kwa kituo cha afya sasa hivi.”

“Basi mbebeni!” alisema Tharcisse. Alisema kabla hajafikiri. Maneno yalitoka tu, bila kumbukumbu wala muhuri.

“Hatuwezi. Siye nia yetu ni chafu. Miye niko na kumi na mbili.”

“Mama, mtu anaweza kufa!”

“Ndiyo sababu tumekuya mbio.” Kavira alitoa kifuani nakala ya arete, imekunjwa mara nane, akampa Mwalimu Xavier. Mwalimu alivaa miwani, akasoma kifungu cha tisa polepole, akiheshimu kila mkato.

“Shamirisho ya sentensi hii,” alisema, “ni nyinyi.”

Kavira akakisogeza kipoyi kuelekea kwao. Tharcisse alijaribu kukumbuka kifungu cha kumi. Hakikuwapo. Alikuwa amependekeza kiwepo, Ekselansi akasema tisa vinatosha.

Ekselansi Gustave alikuwa ametoka chumbani kwake na kikombe cha chai, washauri wawili nyuma yake. Aliisoma arete, akaigeuza, akasoma nyuma yake, ambako hakukuwa na kitu. Ndipo Didier alipopata akili, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake.

“Ekselansi! Sisi pia hatujalipwa tangu Pasaka! Kwa hiyo kifungu hiki hakitu…”

“Funga mdomo!” Ekselansi alimnong’oneza kwa nguvu. “Usipolipwa, wewe ni mjitoleaji. Cheti chako kiko wapi? Unataka kulala kasho na wezi?”

Didier akakubali kwa haraka kwamba analipwa, tena vizuri. Ephraïm alitikisa kichwa.

Ndivyo ilivyotokea kwamba siku ile watu wa Bunia walisimama kandokando ya barabara kuu kutazama suti nne zikiteremka mbio kwenye mvua na kipoyi. Madereva wa moto walizima injini. Mama mmoja muuza maandazi aliuliza nani amekufa. Aliambiwa bado, lakini wanajaribu.

Nyuma yao walifuata Mabega ya Ng’ambo, mikono mgongoni, kama watu wanaosindikiza harusi ya adui. Mtoni palikuwa na daraja la magogo mawili. Tharcisse aliligusa kwa ncha ya kiatu, akageuka.

“Mama Kavira, tupite na mguu gani kwanza?”

“Kukupa shauri ni kusaidia bure, shefu. Arete inakataza.”

Walipita wakitambaa. Upande wa pili matope yalichukua kiatu cha kushoto cha Ekselansi na hayakutoa risiti.

Joëlle walimkuta ameshika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili, mwanamke mdogo, uso umejaa jasho. Aliwatazama wale waliokuja kumchukua, akamtazama Kavira.

“Ni hawa?”

“Ni hawa,” alisema Kavira. “Wako na ruhusa.”

“Mungu wangu,” alisema Joëlle, akalala kwenye turubai.

Kurudi hakukuwa na kicheko. Tharcisse alikuwa mbele kulia. Mti ulimkata bega kama msumeno, na kila hatua miguu ilitaka kubaki nyuma. Joëlle alipiga kelele, akawatukana kwa Kiswahili, kwa Kinande, na kwa lugha nyingine ambayo Tharcisse hakuijua ila aliielewa. “Munanibeba kama muhogo! Inua mbele! Mbele ni weye, mwenye kichwa kama ndoo!” Katikati ya daraja alinyoosha mkono, akakamata kitu cha kwanza alichopata. Kilikuwa sikio la Tharcisse. Akalishika hivyo mpaka juu ya kilima. Kila Joëlle aliponyamaza, Tharcisse aliomba kimoyomoyo amvute tena.

Kwenye kituo cha afya Mama Françoise, muuguzi mkuu, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka, asiyesikiliza redio kwa kukosa nafasi. Hakuwauliza ni nani. Alisema, “Wekeni hapo. Tokeni,” wakatoka.

Walikaa barazani saa nzima. Mwishowe wakasikia mtoto analia, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa na utaratibu mzima. Msichana. Mama yake mzima. Kavira alipiga kigelegele, akakumbuka sheria, akakimeza kilichobaki.

Usiku ule Tharcisse alichukua Fomu NS-4 na kalamu, akakaa mezani muda mrefu. Mkewe alimkuta hivyo, sikio jekundu, fomu tupu.

“Ni Serikali tena?” aliuliza.

“Hapana,” alisema Tharcisse. “Hii sijui ni idara gani.”

Habari ilivuka mto kabla ya matope kukauka. Ijumaa waliitwa mara mbili, Jumamosi mara tatu. Jumapili walitolewa kanisani, katikati ya sadaka, kwenda kumbeba mwuza mbao wa kutoka Mambasa aliyevunjika mguu. Watu wa ng’ambo walikuwa wa adabu sana. Walipiga simu, wakasema, “Tunaomba Kamisheni,” kama watu wanaoomba chumvi.

Kubeba kuliwabadilisha kwa namna mbalimbali. Didier alipungua, koti likabaki linamsubiri. Ephraïm alikuwa na shingo ngumu, hakuweza tena kutikisa kichwa, na kwa hiyo akawa amenyamaza kabisa. Ekselansi alinunua jozi tatu za viatu na mto ukazichukua zote, kimoja kimoja, kila mara cha kushoto. Tharcisse alikuwa akiamka asubuhi na kulitazama anga, akijua sasa mvua ni kitu gani kwa mtu wa ng’ambo. Alijua majina pia. Alijua nyumba ipi ina mbwa, na daraja linapitwa kwa mguu wa kulia kwanza.

“Tunaifuta hii arete,” alisema Ekselansi Jumatatu. “Leo. Sasa.”

Lakini arete haifutwi kama ubao. Ilitakiwa wajumbe wote wanne wakae kikao, wafuate ajenda, na katibu wa kikao aandike. Kikao kinahitaji watu wanne. Kipoyi nacho kinahitaji watu wanne. Na watu wanne walikuwa wale wale. Kila walipofungua kikao, Kavira alitokea mlangoni na miti yake. Ekselansi alizima simu. Kavira alikuja kwa miguu. Ekselansi alifunga mlango. Kavira alisoma kifungu cha tisa dirishani, mbele ya watu.

Alhamisi ya pili mgonjwa alikuwa Mwalimu Xavier mwenyewe. Malaria ilimshika na nyonga ikakataa kumsimamisha, naye alikuwa mzito kuliko mwuza mbao na mbao zake. Wakambeba. Nusu ya kilima, Ekselansi Gustave, aliyekuwa mbele kushoto, alipaza sauti akihema.

“Kikao… kimefunguliwa!”

“Hapa?” aliuliza Didier.

“Wajumbe wote wanne wako. Hatuna pa kwenda. Ajenda: kufuta arete. Wanaokubali?”

“Katibu wa kikao ni nani?” aliuliza Tharcisse. “Mimi mikono yangu ina kazi.”

Wakapanda hatua chache. Sauti dhaifu ikatoka kwenye turubai.

“Mimi nina kalamu,” alisema Mwalimu Xavier. Alitoa daftari mfukoni, akavaa miwani, pamoja na homa yake yote. “Jambo la kwanza: kusoma muhtasari wa kikao kilichopita.”

“Ruka hilo!” alisema Ekselansi.

“Haliwezi kurukwa. Nani anaunga mkono lisomwe?”

Tharcisse alipindua shingo kidogo, kadiri mti ulivyomruhusu. Macho yake yakakutana na ya mzee. Mwalimu Xavier alimtazama Ekselansi mgongoni, kisha akatazama chini, kwenye mawe na mteremko mrefu mpaka mtoni. Tharcisse akaelewa. Arete ikifutwa pale, hakuna atakayeushika mti wa mbele kushoto.

“Naunga mkono,” alisema Tharcisse.

“Tharcisse!”

“Ni utaratibu, Ekselansi.”

Muhtasari ukasomwa. Hatua thelathini. Kisha yakaja masahihisho ya muhtasari. Mwalimu alikuwa ameona makosa mawili ya upatanisho wa kisarufi, na Tharcisse akaunga mkono yajadiliwe moja moja. Kisha salamu za rambirambi. Kisha arete yenyewe ikasomwa yote, kuanzia kifungu cha kwanza kinachounda Kamisheni hadi cha tisa.

“Yote tunaifuta?” aliuliza Mwalimu.

“Yote! Toka mwanzo mpaka muhuri!” Ekselansi alikuwa anatoka povu. “Piga kura!”

“Kura ni ya kunyoosha mkono,” alisema Tharcisse. Baraza ya kituo cha afya ilikuwa sasa hatua kumi mbele. “Tukinyoosha hapa, katibu ataanguka pamoja na muhtasari.”

Wakafika. Wakamshusha mzee taratibu kwenye sakafu ya baraza, wakanyoosha mikono minne yenye malengelenge. Mwalimu Xavier aliandika saa na dakika, akapiga mstari chini yake, akafunga macho. Mama Françoise alikuja kumchukua, akamwingiza ndani na wasaidizi wake.

Arete ilikuwa imekufa. Ekselansi Gustave alijitupa kwenye ngazi, mguu wa kushoto mtupu, akafungua vifungo vya shati.

Hakuwa hata amemaliza kuhema, Kavira akatokea na Élisée na Vahwere. Walikuwa wamevaa vizibao vyao, kwa kuwa mikono ile minne walikuwa wameiona kutoka barabarani. Élisée sasa alibeba mbele, na Vahwere nyuma yake. Walikuwa wamebadilishana nafasi, na haikusemwa ni nani aliyeomba.

“Iko bibi mumoja mutoni, ameteleza, kiuno,” alisema Kavira. “Tuko batatu. Wengine bado hawajue kama arete imekufa, na Mama Patience alienda soko ya Bule. Tunapungukiwa mumoja.”

Hakuwa anamwambia mtu yeyote. Alikuwa anasema tu, huku anakung’uta turubai.

Tharcisse akasimama.

“Unakwenda wapi?” aliuliza Ekselansi. “Umesahau? Imefutwa! Hakuna anayekulazimisha!”

“Najua, Ekselansi. Nimepiga kura.”

“Sasa nani amekutuma? Kwa nini unakwenda?”

Tharcisse alikuwa na shahada moja, semina kumi na saba na kalamu tatu mfukoni. Alitafuta kote. Lakini Élisée alikuwa ameshainua mti wa mbele, na mti wa nyuma kulia ulikuwa unaburuta chini, ikabidi aukimbilie.

Barazani walibaki washauri na Ekselansi. Didier akaaga. Ephraïm akamfuata. Mama Françoise alitoka na kijidaftari, akatazama huku na huku kama mtu anayehesabu viti.

“Papa,” alimwambia Ekselansi, “kuna mutu amepona, anarudi kwake Mudzipela, natafuta bega. Weye uko mubebaji ao uko mugonjwa? Ku hii baraza iko batu ya aina mbili tu.”

Ekselansi Gustave aliangalia bega lake, lililokuwa limevimba. Aliangalia barabara. Akafanya hesabu ya mtu mwenye uzoefu.

“Mgonjwa,” alisema.

“Unaumwa wapi?”

“Kila mahali.”

Mama Françoise alimshika paji la uso. Alitazama jasho na mguu mmoja bila kiatu. “Jina?”

“Mama, mimi ni Rais,” alisema Ekselansi, akijaribu kusimama.

“Rais ya nini?”

“Ya Kamisheni ya…” Hakukuwa na Kamisheni tena. Kifungu cha kwanza kilikwenda na vingine, na mkono wake ndio ulionyooshwa juu kuliko yote.

Mama Françoise alimtazama kwa huruma, akaandika kijidaftarini: Homa imepanda kichwani. Anajiita rais.

“Kuya, papa,” alisema, akimwongoza kwa kiwiko hadi chumba cha sindano. “Tunakupiga shindano. Teremsha suruali.”

Tharcisse na wenzake walikuwa wamefika kwenye ukingo wa kilima waliposikia ukelele kutoka nyuma, mrefu, wenye mamlaka. Kavira aligeuza kichwa kidogo.

“Ni nani yule?”

“Ni mgonjwa,” alisema Tharcisse, akausogeza mti kwenye nyama ya bega, wakaanza kuteremka.